Habiba Aliyekataa Kunipa Ufunguo

Ningeweza kukaa kutwa nzima nikiwataja watu walionidhulumu, na jua lingetua kabla sijamaliza upande wa ukweni peke yake. Leo nawaweka kando. Nataka kumweleza mtu mmoja aliyenitendea wema kwa kuninyima kitu nilichokuwa nakililia mbele yake. Anaitwa Habiba. Anafunga vioo vya magari Kaloleni, Kisumu, katika yadi iliyo nyuma ya zile nyumba za zamani za baraza la mji. Ukipita haraka utadhani pale ni mahali pa kuanika nguo, kwa sababu leso zake hukauka kwenye ua huo huo.

Lakini huwezi kujua alinipa nini bila kujua nilichokuwa nimepoteza.

Mume wangu Calvince alifia mbele kidogo ya Otonglo, kwenye barabara ya Busia. Gari lilipinduka likaingia mtaroni, wala halikupondeka sana. Mtu aliyekuwa amekaa nyuma alitoka akichechemea. Lakini kioo cha mbele kilikuwa kimetoka kizima, kama kifuniko cha sufuria, na Calvince akakifuata. Kioo hicho kilikuwa kimefungwa majuzi tu na fundi wa kando ya barabara, rafiki wa shemeji yangu Obonyo. Obonyo ndiye aliyempeleka ndugu yake huko. Hayo hayakusemwa matangani. Kilichosemwa ni kwamba asubuhi ile nilimjibu mume wangu vibaya, na mtu akifuatwa na mdomo wa mke wake barabarani hafiki.

Kibanda chetu cha sokoni ndugu zake walichukua. Nyavu walichukua. Nilibaki na nyumba moja, ile aliyonijengea nyumbani kwao Asembo, na hiyo ilibaki kwa sababu mama mkwe wangu aliweka kiti mlangoni pake akakaa. Tulimwita Nyar Seme, yaani binti wa Seme, maana ndiko alikozaliwa. Alisema, "Anayetaka kumtoa mke wa mwanangu wa kwanza, aanze kunitoa mimi." Hakuna aliyethubutu.

Nilirudi Kisumu nikauza omena, wale dagaa wa ziwani, nikauza mbuta, mpaka nikapata gari dogo la mizigo, Probox iliyotumika. Binti yangu Sylvia ndiye dereva. Asubuhi anapeleka samaki Maseno, kisha anarudi na watu wa huko wanaokuja mjini. Gari hilo ndilo shamba letu.

Kisha Nyar Seme akafa.

Katika kikao cha kupanga mazishi, Obonyo alisimama. "Kila nyumba italeta gari," alisema. "Mama Sylvia, wewe una gari. Utabeba akina mama wa kanisa. Na nisikizeni vizuri: yule ambaye hatamsindikiza mama yetu kutoka mochari mpaka nyumbani, asikuje kutuambia ati ana nyumba pale kwetu."

Alisema "yule," lakini macho yake yalikuwa kwangu. Kila mtu alielewa. Mwenye kukaa mlangoni hayupo tena.

Msafara ulikuwa Ijumaa alasiri. Alhamisi, Sylvia akitoka Maseno, lori la kokoto likarusha jiwe. Liligonga kioo cha mbele upande wa dereva. Alipofika nyumbani ufa ulikuwa umeshatambaa kama mzizi, kutoka kona hadi kona. Obonyo alipopata habari alipiga simu upesi. "Usihangaike, shemeji. Rafiki yangu bado yuko pale pale Otonglo. Atakuwekea mara moja."

Nilikata simu nikakaa chini.

Ijumaa asubuhi tukaanza kutafuta fundi. Sikusoma, lakini nimenunua samaki pale ufuoni Dunga miaka na mikaka. Muuzaji hawezi kunidanganya kwamba samaki wake ni wa leo. Namfungua samaki shavu mwenyewe nione kama ni jekundu, nambonyeza jicho, namnusa. Nikajiambia na kioo nacho kitakuwa na shavu lake mahali fulani.

Fundi wa kwanza alikuwa karibu na stendi, kijana mcheshi. Mrija wake wa gundi ulikuwa umeshafunguliwa, na mdomoni mwa mrija amechomeka msumari ili usikauke.

"Ukimaliza, tukae muda gani kabla ya kuondoka?" nilimwuliza.

"Kukaa ya nini, mama? Nikimaliza unawasha unaenda. Hata ukitaka Nairobi saa hiyo hiyo."

Nikamshukuru, tukaondoka. Sylvia akaguna.

Wa pili alikuwa na duka lenye vigae na bango kubwa. Nilitaka kuona gundi. "Mama, hayo mwachie fundi," akasema yule wa mezani. Nikataka kuona mahali fundi anapofanyia kazi. Wateja hawaruhusiwi. Samaki ambaye siruhusiwi kumfungua shavu simnunui. Nikatoka.

"Mama, kwani unanunua kioo ama samaki?" Sylvia alikuwa ameanza kukasirika. "Saa zinaenda!"

"Samaki mbovu atakuharisha tu, kioo kibovu kinaua. Twende kwingine."

Akageuza gari. Kisha akasema yuko mteja wake mmoja, mwalimu wa chuo cha Maseno, aliyekuwa akimlalamikia mwanamke fulani wa Kaloleni. "Ati anachelewesha watu. Ati anauliza maswali kama polisi."

"Huyo ndiye namtaka," nikasema.

Tulimkuta Habiba amepiga magoti juu ya boneti ya gari la mtu, skafu imefungwa nyuma ya shingo, aproni ndefu juu ya dera, glavu mikononi. Ni mwanamke wa rika langu, mnene kidogo, na mikono yake juu ya glavu ina alama nyeupe za kukatwakatwa. Hakuteremka kwa haraka. Alimaliza alichokuwa akifanya, akatuamkia, kisha akaanza.

"Gari limewahi kugongwa? Kioo hiki ni kile lilichotoka nacho kiwandani, ama kilibadilishwa? Maji huingia mvua ikinyesha?" Akatuangalia vitambaa tulivyofunga kichwani. "Na leo ni Ijumaa. Linaenda matanga?"

"Kwani matanga inakuhusu nini?"

"Nijibu kwanza, dada."

"Linaenda. Ni mama mkwe wangu."

"Pole sana, dada. Mungu amrehemu." Alisema hivyo kwa utaratibu, kama mtu asiye na kazi nyingine. "Basi sikia kabla sijagusa kitu. Kioo nitaanza kukifunga sasa hivi. Lakini gari utalichukua kesho."

"Alasiri hii nataka niwe mochari."

"Hapo nitakuwa nimekudanganya. Mafundi ni wengi mjini, nenda kwa mwingine. Sitakasirika."

Tangu nianze kuhesabiwa mjane, watu walionitaka niwape nilichonacho ni wengi. Wa kuniambia niende na changu kwingine, huyu alikuwa wa kwanza. Hapo ndipo nilipoliona shavu, na lilikuwa jekundu. Nikasema afunge. Moyoni nilisema mengine: ufunguo tutauongea mbele. Nimewabembeleza watu wagumu kuliko huyu.

Alichukua ufunguo akautia katika mfuko wa aproni, akamwita ndugu yake Nasir amshikie upande wa pili.

Walipoanza kuondoa kioo cha zamani nilikuwa nimesimama karibu. Habiba alipitisha kisu chake pembeni, kisha akasimama. Akavua glavu, akashika ile gundi nyeupe ya ndani kwa vidole viwili, akavuta. Iling'oka ndefu, bila nguvu, kama ukoko wa ugali kwenye sufuria iliyolowekwa.

"Hii si gundi ya gari," alisema. "Hii ni ile ya kuzibia sinki na madirisha ya nyumba. Aliyewauzia gari hili alifungiwa hivi, na nyinyi mmekuwa mkikaa nyuma yake tangu siku hiyo. Ukipiga breki kali, au likipinduka, kioo hiki hakikuzuii. Kinatangulia."

Nilienda nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikafunika uso kwa leso. Miaka yote ile walinionyesha mdomo wangu kuwa ndio uliomuua Calvince, na usiku mwingine nilikuwa nawaamini. Kumbe kilichomtoa ni kitu ambacho mtu anaweza kukivuta kwa vidole viwili. Sylvia alimwambia Habiba kwa sauti ya chini. Habiba hakusema pole mara ya pili. Alikata kipande cha ule uchafu akakiweka mkononi mwangu, akarudi kazini.

Alikwangua fremu yote mpaka kwenye bati. Mahali penye kutu alipapiga msasa, akapapaka rangi yake nyeusi, akasubiri ikauke. Alimwita Sylvia asome alama iliyo kwenye kona ya kioo kipya, akatueleza kwamba kioo cha mbele lazima kiwe cha tabaka mbili na utando katikati, ili kikivunjika kibaki kimeshikana. Gundi aliifungua mbele yetu, mrija mzima, na tarehe yake Sylvia akaisoma. Nasir na yeye wakakiinua kioo, wakakishusha polepole kama watu wanaomlaza mtoto. Kisha akateremsha madirisha ya pembeni kidogo.

"Asiubamize mlango mtu yeyote," alisema. "Hewa ikibanwa ndani inasukuma kioo, na gundi bado ni uji."

Ilikuwa imefika adhuhuri. Akatuletea chai na mandazi, na kwa kuwa kulikuwa hakuna la kufanya ila kungoja, akanieleza habari zake.

Habiba amezaliwa Kaloleni hapo hapo. Yadi ilikuwa ya baba yake, mzee Abdulrahman, aliyefunga vioo vya mabasi. Aliolewa Mumias. Mume akaoa mwingine, kisha akamwona wa kwanza anakula chakula bure, akamrudisha Kisumu na binti yake Amirah mgongoni.

"Nilikuja na begi moja," alisema. "Nikamkuta baba mikono inatetemeka. Fundi wa vioo akitetemeka, kazi imekwisha. Nikavaa glavu zake."

"Watu hawakusema?"

"Yawa, dada! Walisema mpaka wakachoka. 'Mwanamke atashika kioo cha basi? Kitamwangukia afe.' Mmoja alikuwa akija kila asubuhi kuangalia kama nimeshakufa." Akacheka. "Sasa huyo ni mteja wangu."

Wauzaji wa gundi walipoleta mafunzo Nairobi, alikwenda, akakaa mpaka akapewa cheti. Kiko ukutani. Sylvia alinisomea jina lake.

"Na lile swali la matanga?" nilimwuliza.

Akaelekeza kidole barabarani. "Sisi kwetu mtu akifa asubuhi, jioni tumembeba mabegani, tumemaliza. Nyinyi mnazika kwa magari. Nakaa hapa nawaona kila Ijumaa. Matawi ya msiba yamebanwa kwenye waipa, vijana wamekaa madirishani wanapiga paa, watu saba wanafunga mlango mmoja kwa kishindo, kisha barabara ya murram mpaka ziwani. Zamani nilikuwa nafunga kioo Ijumaa, Jumatatu kinarudi. Kimehama, kinavuja. Nikajiuliza, hiki kimerudi. Kile ambacho hakikurudi kilienda wapi? Ndiyo maana nauliza."

Hatujamaliza chai, Obonyo, aliyekuwa ameulizia tulipo, akaingia na suti nyeusi na tawi mkononi.

"Shemeji! Watu wako mochari, wewe unakunywa chai?" Akaliona gari. "Si hili limeisha? Kioo kiko mahali pake. Sylvia, washa twende."

"Halijakauka, baba mdogo," Sylvia akasema.

"Kukauka nini? Hii ni nguo?" Akainua waipa ili abane lile tawi.

"Ondoa mkono, bwana," Habiba akasema.

"Wewe ni nani?"

"Mwenye yadi."

"Mama, hii ni gari ya msiba. Msiba haingoji gundi."

"Na gundi haingoji msiba. Mnaye mmoja wa kuzika tayari. Mnataka wangapi?"

Obonyo akanigeukia mimi. Akaacha kupiga kelele, na hapo ndipo nilipomwogopa. "Mama Sylvia, nilisema kwenye kikao. Nisipokuona nyuma ya jeneza la mama yangu, basi. Usije ukalia." Akatupa tawi chini akatoka.

Nilimwendea Habiba. Nilimwambia yote: kiti cha mlangoni, nyumba, akina mama wa kanisa wanaoningoja. Nilimwambia hata Sylvia akiendesha polepole itatosha. Nilipiga magoti, mimi ambaye sikumpigia magoti Obonyo siku ya kibanda.

"Nipe ufunguo, dada yangu. Nyumba yangu inaenda."

Aliniinua. Mkono wake ulikuwa juu ya mfuko wa aproni. "Sikupi," alisema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Utanichukia, lakini sikupi. Nyumba nitakusaidia kuililia. Huyu mtoto wako ukimzika nitakuambia nini?"

Nilimwita jina baya. Alivua aproni, akamkabidhi Nasir pamoja na ufunguo, akamwambia, "Hata nikipiga simu mwenyewe, usiutoe mpaka kesho." Kisha akaenda kwenye van yake ya kazi, ile kuukuu iliyoandikwa VIOO VYA MAGARI ubavuni, akaanza kushusha vioo na kuinua viti vilivyokuwa vimekunjwa.

"Mnanitazama nini? Shikeni huku. Nimesema gari lako haliondoki. Sikusema wewe."

Tulifika mochari msafara umeshaondoka. Akina mama wa kanisa walikuwa wamebaki kivulini na vitambaa vyao vyeupe, wamenuna. Wakaisoma van, wakamtazama dereva aliyevaa skafu na dera.

"Dorca, umetuletea duka la vioo?" mmoja akaniuliza.

"Ingieni polepole," Habiba akawaambia, "na mlango msiubamize." Wakacheka, wakaingia.

Hakukimbiza gari. Nilikuwa nimekaa mbele nikisukuma sakafu kwa mguu kama mwenda wazimu, na yeye anaendesha tu. Tukapita Otonglo, nikageuza uso. Tukakata kona Kisian. Nilikuwa nimeshakubali kwamba nimechelewa, na nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia Sylvia, wakati tulipofika Seme tukakuta magari yote yamesimama.

Watu wa Seme walikuwa wamefunga barabara. Binti yao hawezi kupita kwao kwenda kuzikwa bila wao kumwimbia, na walikuwa wameimba, wamelia, wamemwomboleza. Kisha wakaanza kuuliza wake wa wanawe, mmoja mmoja, waje waonekane. Walipouliza mke wa mwana wa kwanza, Obonyo alisema sikutaka kuja.

Basi wanawake wa Seme wakakaa chini barabarani. "Tutamngoja," walisema. "Binti yetu alimkalia huyo mlangoni. Hatapita hapa bila yeye."

Nilishuka kwenye ile van ya vioo nikapita katikati ya magari yote. Obonyo alikuwa amesimama kando ya jeneza na jasho usoni. Nililia siku ile hata kwa ajili ya vitu ambavyo sikuwahi kuvililia. Mwanamke mmoja wa Seme akachukua tawi akaja kulibana kwenye waipa ya Habiba. Habiba akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka ndani, juu ya dashibodi.

Tulimzika Nyar Seme Jumamosi. Nilitupa udongo wangu kwa zamu yangu, mbele ya kila mtu, na usiku ule nililala katika nyumba yangu. Ninayo mpaka leo. Habiba alikuwa amelala kwangu pia, na asubuhi alipika chai kwa meko yangu kana kwamba ni jirani wa zamani.

Tuliporudi Kaloleni alimwagia gari letu maji kwa mpira, akapitisha kidole ndani pembe zote. Pakavu. Ndipo Nasir akatoa ufunguo. Habiba hakunipa mimi. Alimpa Sylvia. Nilimwomba anisamehe lile jina nililomwita, akasema alishaitwa mabaya zaidi na watu wenye magari makubwa zaidi. Tangu hapo samaki wa kwanza nikishamfungua shavu na kumkubali, ni wa Habiba.

Kile kipande cheupe cha gundi ya sinki ninacho bado. Nimekifunga kwenye ncha ya leso.

Obonyo hajawahi kuniomba radhi, na sitarajii. Lakini juzi alipiga simu. Alizungukazunguka, akauliza mvua, akauliza samaki, mwisho akasema, "Shemeji, kioo changu kimepata ufa. Yule mwanamke wa Kaloleni, namba yake unayo?"

Nilimpa. Sijamsamehe, asije mtu akadhani. Ila ana watoto, na gari hilo ndilo analowapelekea shule.